Bonde Lililokufa kwa Kushiba

Mkeka haupimwi kwa macho, wanangu. Unapimwa kwa makalio. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa na Shangazi Pulkeria, na ninyi mnaojifunza kusuka pale Lusahunga mkilishika hilo peke yake, mengine nitakayosema mnaweza kuyasahau mkishamaliza chai.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ameolewa Nyamahanga. Mimi nilizaliwa Murukulazo, kule Ngara, nikaletwa kwake nikiwa binti kwa sababu nyumbani tulikuwa wengi na yeye hakujaliwa mtoto. Mkeka ukikamilika aliutandika uani, akaukalia, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Ukimchoma popote, anaufumua. Hata wateja aliwalazimisha kukaa. Siku moja dereva wa lori aliyekuwa anaelekea Rusumo alisimama Lusahunga, akaukunjia uso mkeka wetu, akasema ni mwembamba. Shangazi akamwomba kwa upole ajilaze kidogo aujaribu. Akajilaza. Akasinzia. Madereva wenzake wakapiga honi, wakachoka, wakaondoka. Alipoamka jua lilikuwa limeshageuka upande. Alinunua mikeka miwili bila kuuliza neno, mmoja wake na mmoja wa mkewe, ili, alisema, mkewe aamini sababu ya kuchelewa.

Lakini kazi haikuanzia uani. Ilianzia bondeni, ndani ya maji ya magotini. Bonde la Nyamahanga ninyi mnalijua lilivyo sasa. Nitawaeleza lilivyokuwa. Ukisimama pembeni, ulikuwa huoni kijani kimoja. Ulikuwa unaona kijani cha kila namna, na manjano, na wekundu, na maua madogo meupe ambayo hata Shangazi hakuwa na jina lake. Majina aliyonipa yalikuwa ya kwetu. Nitayasema kwa Kiswahili msije mkang'ata ulimi. Ukangaga mnaujua, jani pana lenye mgongo katikati. Huo ndio mwili wa mkeka. Unywele wa mwali ulikuwa mwembamba kama uzi, ukikauka unang'aa, nao tuliufumia ukingoni. Halafu kulikuwa na damu ya kanga, mmea ambao shina lake, karibu na maji, lilikuwa jekundu kabisa. Rangi ya dukani hatukuihitaji. Mstari mmoja wa damu ya kanga ulipita katikati ya mkeka, na mtu yeyote kutoka hapa mpaka Murukulazo akiuona alijua ni mkono wa Pulkeria.

Alinifundisha kukata juu ya maji, upana wa kiganja. Ukikata chini ya maji, kisiki kinakunywa maji mpaka mzizi unaoza, na mwaka ujao utakuja kusuka hewa. Kausheni kivulini, chini ya migomba, si juani. Sukeni asubuhi, umande ukiwa bado hewani, kwa sababu mchana jani linakuwa na hasira na linavunjika. Haya hayajabadilika. Yaliyobadilika ni bonde.

Na kulikuwa na mla mbu. Huyu naye alikuwa mmea, ila si wa kusuka. Alikuwa mdogo kama kifungo cha shati, mwekundu, amelala chini kwenye tope, ana vinywele vyenye matone ya gundi. Siku ya kwanza Shangazi aliniambia mmea ule unawajua waongo. Niweke kidole, nikiwa na dhambi utanishika. Nikaweka. Ukanishika. Nilikaa nimechutama pale nikikiri hata maziwa ambayo sikuyanywa, na Shangazi amegeuka upande wa pili, mabega yanatikisika. Baadaye alinieleza kweli. Ardhi ya bondeni ni maskini, alisema, kwa hiyo kadogo haka kanajitafutia kitoweo chake, kananasa mbu. Mimi nilidhani ni mzaha mwingine. Haukuwa mzaha.

Sasa nimlete Masanja, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi.

Masanja, baba wa binti mmoja aitwaye Kabula, alihamia kwetu kutoka upande wa Shinyanga na mke wake na ng'ombe wengi wenye kiburi. Alipewa eneo kwenye mteremko, juu kidogo ya bonde letu. Tulitaniana tangu siku ya kwanza. Yeye aliniita Mama Majani, mimi nilimwita Mkia, kwa sababu popote ng'ombe wake walipo, yeye yuko nyuma. Alikuwa mtu mwema. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, kibuyu cha maziwa kilikuja kila asubuhi bila mimi kuomba.

Baadaye alipunguza ng'ombe akaanza mahindi na nyanya. Akajua mbolea ya chumvichumvi. Wanangu, mkono wa Masanja ni sepetu. Wengine walinyunyiza, yeye alimwaga konzi. Mahindi yakawa marefu, nyanya zikaja kubwa kama ngumi, zikapanda malori hapo Lusahunga, watoto wake wakasoma. Majirani wote wa mteremkoni wakamwiga, na nani angewalaumu? Mvua ikinyesha, maji yaliteremka kutoka kwenye mashamba yale, meupe kidogo, yakaingia bondeni.

Na bonde likanona. Hilo ndilo lililotudanganya. Kama lingekauka tungepiga kelele. Lilikuwa linazidi kuwa la kijani. Wageni walisimama pale wakasifu. Masanja mwenyewe alinipitia nikiwa majini akaniambia, "Bonde limenona, Mama Majani, na hata asante hunipi."

Aliyetangulia kuondoka ni mla mbu, na hakuna aliyemtafuta, nani anatafuta kifungo kwenye tope? Damu ya kanga ikafuata. Nilikuwa nikiipata hapa na pale, halafu kwenye kona moja tu, halafu siku moja nikaikosa kabisa, nikasema labda nimepita haraka. Unywele wa mwali ukafunikwa. Ukangaga wenyewe ulirefuka ukanipita kichwa, nikafurahi kama mjinga, kumbe umelainika ndani. Ukikauka unasinyaa, ukikunjwa unakatika. Mwisho yakaja yale manyasi marefu yenye rungu la kahawia kichwani, pamoja na matete, yakashikana mabega, yakawa bonde zima. Kijani kimoja.

Mikeka yangu ikaanza kupukutika. Mteja mmoja alirudisha wake akasema usiku anaamka na majani kwenye meno. Wenzangu pale Lusahunga wakaanza kusukia nyuzi walizofumua kwenye mifuko ya salfeti, hiyo mifuko ya mbolea. Nilijaribu mmoja. Haupukutiki, nakubali, lakini ukiukalia wakati wa joto unajua umekaa ndani ya mfuko.

Maneno nayo yakasambaa. Wengine walisema ni ng'ombe wamekanyaga. Wengine walisema ni Shangazi, ambaye alikuwa ameshafariki, amezifuata mbegu zake akasukie huko aliko. Hili la pili lilinikaa rohoni kiasi kwamba nilikwenda kaburini nikamgombeza. Nilimwambia kama ni yeye, arudishe hata damu ya kanga peke yake. Nilingoja. Shangazi hakuwahi kujibu haraka hata alipokuwa hai.

Aliyenifumbua macho ni bibi shamba, binti mmoja anaitwa Neema, aliyeletwa kwenye kata yetu na pikipiki yake. Alinikuta nimekaa pembeni ya bonde, mundu mapajani, mzigo sina. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akaniuliza ninatafuta nini. Nikamweleza mimea yote kwa majina. Hakucheka. Aliniuliza ipi ilitangulia kupotea, nikamjibu ni mla mbu, halafu nikamkaribisha kwangu, tukala ugali na maharage. Hapo kwenye sinia ndipo aliponifundisha.

Alisema mimea ile niliyoipenda ilizoea njaa. Bonde likiwa maskini, kila mmoja anapata kidogo chake na hakuna anayemsukuma mwenzake. Ukilimwagia chakula, wanashiba wale wenye mikono mirefu. Wanarefuka, wanawafunika wadogo, wadogo wanakufa gizani. "Bibi, ni kama sinia hili," alisema. "Ukiongeza ugali wakati mjomba mwenye mkono mkubwa amekaa kati, watoto hawashibi. Anashiba mjomba." Na chakula chenyewe, alisema, ni ile mbolea inayoshuka na mvua pamoja na samadi ya zizini. Mahindi hula sehemu, nyingine inasafiri.

Nilimkumbuka mla mbu na kitoweo chake, nikashindwa kumaliza tonge.

Neema alimwendea Masanja pia. Akamwonyesha kupima mbolea kwa kizibo cha soda, kila shimo kizibo chake, na kuifukia. Masanja alimsikiliza kwa heshima, akamtengea kiti, akampa nyanya za kubeba. Neema alipoondoka, Masanja akaniambia, "Kizibo? Mimi ninalima, sinywi soda." Tukaachia hapo. Mimi nilikuwa mtu wa mikeka, yeye wa nyanya, na nyanya ndizo zilizojenga nyumba za bati kijijini kwetu. Ningemwambia nini?

Halafu Kabula akapata mchumba.

Kijana alikuwa wa Murukulazo, kwetu kabisa, na nyumba yao ilitawaliwa na bibi yake, Bibi Veneranda, kibibi mwembamba, sikio moja halisikii na lingine linasikia hata usilosema. Yeye alikuwa amelalia mikeka ya Shangazi Pulkeria tangu akiwa mwali. Akatuma neno: kwao bibi harusi hukaribishwa juu ya mkeka kutoka kwao binti, na kwa kuwa binti anatoka Nyamahanga, mkeka uwe ule wa Pulkeria, wenye mstari.

Masanja akaja kwangu akiwa amevaa shati la kanisani. Akasema anataka mkeka wa halusi, ndivyo anavyotamka, wa kwanza kwa uzuri. Nikamwambia nitausuka kwa furaha, ila magoti yangu yameanza kulalamika, kwa hiyo akanikatie majani mwenyewe, nitamwonyesha yapi. Nakiri nilikuwa natabasamu.

Tukaingia bondeni asubuhi. Nilimwelekeza kila jani: shina jekundu hapo chini, jani jembamba linalong'aa. Akapasua njia kwenye manyasi ya rungu, akainama, akatafuta. Tope likashika buti lake la kulia. Akavuta, mguu ukaja, buti likabaki. Akaingiza mkono kulitafuta, buti la kushoto nalo likaamua kumfuata mwenzake. Nilikaa juu ya kichuguu nikamtia moyo. Mpaka jua lilipokuwa utosini alikuwa amezunguka bonde lote, hana buti, hana damu ya kanga, ameshika ukangaga kidogo uliolegea kama mboga iliyolala.

Alikuja akakaa karibu yangu. Hakutania.

"Yalikwenda wapi?" aliniuliza.

"Yalikufa kwa kushiba."

Alitazama juu kwenye shamba lake, halafu akatazama miguu yake. Akasema harusi iko karibu, nisuke kwa kilichopo, kule hawatajua. Nikamwonya kwamba Bibi Veneranda atajua. Akasema bibi ni mzee. Basi nikasuka kwa kilichopo. Nilifanya kazi yangu yote, wanangu, sikuharibu jani hata moja kwa makusudi. Ukingo ukawa wa nyasi, mstari nikautia rangi ya dukani. Kwa macho ulipendeza. Lakini nilipoukalia kwangu uani nilijua safari ya Murukulazo itakuwa na mambo.

Siku ya kumpeleka binti, mkeka ukatandikwa mbele ya watu wote. Kabla Kabula hajaukanyaga, Bibi Veneranda alinyanyua mkono, akaja na fimbo yake, akaketi. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Ikasikika sauti kama mtu anavunja kuni. Alipoinuka, kijiti kilikuwa kimechoma kitenge chake kikabaki kinaning'inia nyuma, na mstari mwekundu umehamia kwenye nguo. Hakuna aliyecheka. Kabula alikuwa amesimama pale akijifunika uso kwa shela lake, na hapo mimi mwenyewe mzaha ulinitoka. Binti yule nilimbeba mgongoni akiwa mtoto.

Bibi aliuliza nani amesuka. Nikasimama nikasema, "Aliyesuka ni mimi, bibi. Aliyeotesha ni baba wa bibi harusi."

Masanja akasimama pia. Sikumtegemea. Akasema ni kweli, bonde lao limeharibika na mbolea ya mashamba, na lake ndilo kubwa kuliko yote.

Bibi Veneranda alimtazama mpaka watu wakaanza kukohoa. "Mjukuu wangu ameoa mtu, hakuoa mkeka," alisema. "Binti aingie ndani ale. Wewe mzee, nitakuita mkwe siku nitakayokalia mkeka."

Kabula akaingia, ngoma ikaendelea, pombe ikanywewa. Lakini siku ile nzima, na kila alipokwenda baadaye kumwona mwanawe, kibibi kile kilimwita Masanja "mgeni". Mgeni, karibu kiti. Mgeni, umekula? Mtu aliyetoka mbali akajenga, akasomesha, akaozesha binti, anaitwa mgeni na wakwe zake. Ilimkata kuliko matusi.

Tulipokuwa tunarudi, gari lilisimama Lusahunga tukanywa chai. Masanja aliweka kikombe chini akaniambia nimweleze tena habari ya lile sinia.

Alinunulia kijiji soda. Sitanii. Alitaka vizibo vya kutosha vibarua wote, na yeye hajui kufanya kitu kidogo, kwa hiyo watu walikunywa mpaka watoto wakaumwa matumbo. Neema akaja kupima makinga maji, yale matuta ya kuzuia maji, mteremkoni. Sehemu ya chini ya shamba, pale linapokutana na bonde, Masanja akaacha kulima, akaacha majani yaote yachuje maji. Zizi akalihamisha. Mke wake alinung'unikia ile ardhi iliyolala bure, na alikuwa na haki, maana ilikuwa sehemu nono kuliko zote.

Kazi ya bondeni ilikuwa yangu na wanawake wa kikundi. Kila kiangazi tulikata manyasi ya rungu, na hapa sikilizeni, msiyaache yaozee majini. Yakiozea mle, yanarudisha kila kitu yalichokula. Tuliyatoa kwa vichwa, tukayapandisha kwa ng'ombe wa Masanja na kwenye migomba yake. Tulimwambia tunamrudishia mbolea yake, asije akasema tuliiba.

Mbegu nilizifuata Murukulazo. Kule nyuma ya shamba la kaka yangu kuna chemchemi ambayo juu yake hakuna anayelima, na pale nilikuta ukangaga mgumu wa zamani na unywele wa mwali kidogo. Nikang'oa mizizi michache, nikaitia kwenye ndoo na tope lake, nikapata lifti ya lori. Dereva aliuliza kama ni chakula au dawa. Nikamwambia ni bibi harusi, aendeshe taratibu.

Je, bonde limerudi? Hapana. Msidanganywe na mtu. Upande wa ng'ambo bado wanamwaga konzi, na yale marungu bado yamesimama huko kama askari. Neema mwenyewe alisema kilichokwisha kuingia kwenye tope kitakaa muda mrefu kuliko mimi. Nyanya za Masanja zinazaa vizuri, ila mwaka mmoja alipata kidogo akasonya kila aliponiona. Lakini kwenye kona ya juu, maji yanapoingia, ukangaga ulishika. Uliota mfupi, mgumu, wenye mgongo. Unywele wa mwali ulikuja miaka kadhaa baadaye, kwa aibu. Mla mbu sijamwona tena. Damu ya kanga niliitafuta Nyamahanga, Murukulazo, na kila bonde nililopitishwa na lori, na mimi huwa nawaomba madereva wasimame. Sikuipata.

Nilisuka mkeka. Ulinichukua muda kwa sababu ya kungojea majani yatoshe, na ndio wa mwisho niliousuka mwenyewe. Daktari ameshaniambia magoti haya yasiguse maji tena. Pale katikati sikutia rangi ya dukani. Niliacha mstari mtupu, wa ukangaga peke yake, upana uleule.

Tuliupeleka Murukulazo, mimi na Masanja. Kabula alitupokea na mtoto mgongoni. Bibi Veneranda alikuwa hainuki tena kitandani, kwa hiyo Masanja na mkwewe walimbeba, mmoja huku na mmoja huku, wakamweka juu ya mkeka. Alikuwa mwepesi. Alijisogeza kidogo tu, alivyoweza. Halafu akapitisha kiganja juu ya majani polepole mpaka kikafika katikati, kikasimama.

"Hapa pamekuwaje?"

"Ni mahali pa damu ya kanga, bibi," nilimwambia. "Haipo. Nimepaacha."

Kiganja chake kilikaa pale muda. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mkwe, nisogezee chai."

Masanja alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeitwa. Alipoelewa, aliisogeza ile chai kwa mikono miwili, ikamwagikia mkeka kidogo, akatoka nje kwenda kutazama ng'ombe wa watu.

Ndiyo maana ninapopita pale Lusahunga nikakuta mmoja wenu amejaza ule mstari kwa uzi mwekundu, nafumua. Najua mnasonya nikigeuka. Sonyeni tu, mimi nilimsonya Shangazi miaka yote na bado alinilisha. Mstari ule ni wa mmea, na mmea ule huenda uko mahali, kwenye kibonde ambacho mbolea haijafika. Ninyi mna magoti mazima na pikipiki. Mkiingia kwenye maji mkaona shina jekundu kabisa karibu na tope, msilikate. Mmoja abaki amesimama pale pale, mwingine anipigie simu, hata kama nimelala.